Jinsi mabadiliko ya jamii na utawala yalivyogeuza utunzaji wa wanyonge Kisii na Nyamira

WALIOANDIKA Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 waliweka katika Kifungu cha 57 ahadi fupi kwa wazee: kwamba wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Wadhamini wawili wametajwa katika sentensi moja, familia ikitangulia na Serikali ikifuata. Jambo ambalo Katiba haikulieleza ni mahali ambapo wawili hao wangekutana.

Katika vilima vya Gusii, ambako kaunti za Kisii na Nyamira zinapakana, jambo hilo si la mawakili pekee. Ni la mwanamke anayeamka alfajiri kumpikia mama mkwe uji wa wimbi, kumwosha na kumgeuza kitandani, kisha akaingia shambani kuchuma majani chai kabla ya jua kupanda. Kwa muda wa zaidi ya karne moja tawala zimekuja na kuondoka, mipaka imechorwa na kuchorwa upya, na fedha zimehamishwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kazi ya mwanamke huyo haijahamishwa.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ilikuwa na watu wapatao 958 katika kila kilomita mraba, na Nyamira takriban 675. Ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa zaidi nchini. Idadi hiyo ingeweza kumfanya mtu adhani kwamba hakuna mzee wala mtoto anayeweza kukosa jirani wa kumwangalia. Hali halisi ina mikunjo mingi zaidi.

Boma, nyumba na majirani

Kabla ya Waingereza kuweka kituo chao cha utawala mahali palipo mji wa Kisii katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, utunzaji ulikuwa sehemu ya mpangilio wa boma. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake, na watoto walihesabiwa kwa nyumba ya mama yao. Mama alipozeeka alibaki katika ardhi ya wanawe, akihudumiwa na wake zao na wajukuu.

Nje ya boma palikuwa na majirani. Risaga ilikuwa umoja wa maboma yaliyo karibu ambao watu wake walisaidiana katika kazi nzito kama vile kulima, kupalilia na kujenga, naye mwenye kazi akawaandalia chakula na pombe ya wimbi. Egesangio kilikuwa kikundi kidogo zaidi, aghalabu cha wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu. Vyombo hivi havikuitwa vya utunzaji, lakini ndivyo vilivyowezesha utunzaji. Nyumba yenye mgonjwa haikuhitaji tu mtu wa kumuuguza; ilihitaji pia shamba lisimezwe na magugu wakati mikono ya wenyewe iko kitandani pa mgonjwa.

Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Ulimlinda aliyekuwa na mahali pake ndani ya ukoo. Mwanamke asiye na mwana wa kiume alikabiliwa na uzee wa mashaka, ndiyo maana mila iliruhusu mwanamke kama huyo kuoa mke, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kwa nyumba yake na asiwe peke yake uzeeni. Kinga hiyo ilikuwapo, lakini ilitolewa kwa njia ya uzazi na ardhi. Asiye na kimoja kati ya hivyo alikuwa mashakani.

Chinsoni na mipaka ya mkono

Kuna sehemu ya mila ya Abagusii ambayo watunga sera hawaitaji, ingawa humgusa kila anayemtunza mzee. Nayo ni chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima kati ya kizazi kimoja na kile kinachokifuata. Kwa kanuni hizo baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkaza mwana na baba mkwe huepukana kwa heshima kubwa, na mambo ya mwili hayatajwi kati ya mzazi na mtoto wake.

Baina ya babu au nyanya na mjukuu, haya hizo hulegezwa. Mjukuu, ambaye kwa Ekegusii huitwa omochokoro, hutaniana na babu yake, huketi naye, humletea maji na kumsaidia kuinuka. Kwa hiyo mzee aliyedhoofika aliweza kuhudumiwa bila kuvunjiwa heshima, kwa kuwa wajukuu walikuwapo bomani mchana kutwa.

Hapa ndipo mabadiliko ya jamii yalipopiga kwa kishindo. Wajukuu walipoondoka kwenda shuleni na wana kwenda kazini, waliobaki na mzee wa kiume wakawa hasa wale ambao mila iliwataka wamkae mbali. Mkaza mwana anayemwosha baba mkwe aliyepooza hafanyi kazi ngumu ya mikono tu. Yeye na mzee wote wawili hubeba uzito wa haya. Mhudumu wa afya asiyelijua hilo anaweza kuifunza familia nzima jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kisha akashangaa kukuta mafunzo hayafuatwi.

Mtoto aliyemlea mtoto

Mfano wa pili unahusu watoto. Katika boma la zamani, mama aliyerudi shambani baada ya kujifungua alimwachia mtoto wake mchanga mlezi mdogo aliyeitwa omoreri. Aghalabu alikuwa dada au jamaa wa karibu, mwenye umri wa kati ya miaka sita na 10. Mwanaanthropolojia wa Marekani Robert LeVine, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1950 na kurudi na wenzake katika miaka ya 1970, aliuweka utaratibu huo katika maandishi, na kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu malezi ya Kigusii husomwa hadi leo katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Omoreri alitolewa bomani na shule. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi, na Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ikaanzisha elimu ya msingi bila malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilifanya kuwa kosa kwa mzazi kumzuia mtoto kwenda shuleni. Hakuna anayeweza kulaumu hatua hizo. Msichana wa miaka minane ana haki ya kushika kalamu badala ya kubeba mtoto mgongoni. Hata hivyo, sheria iliyomwondoa mlezi huyo haikumteua mwingine.

Baadhi ya pengo hilo lilizibwa na ugatuzi. Jedwali la Nne la Katiba lilikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kaunti zote mbili zimeajiri walimu wa chekechea, nazo familia hupeleka watoto wao huko wanapofikisha miaka minne. Kabla ya umri huo, mtoto hubaki mikononi mwa nyanya, jirani au yaya anayelipwa. Vituo vya kulelea watoto vimetajwa na Katiba sambamba na chekechea, lakini chekechea ndiyo iliyopewa madarasa na walimu.

Kutoka kwa chifu hadi kwa diwani

Utawala wa kikoloni uliingia Gusii kwa mabavu. Baada ya mapambano ya mwaka 1905 na yale ya mwaka 1908, ambapo shujaa Otenyo alimchoma mkuki afisa Mwingereza, G.A.S. Northcote, Waingereza waliwaweka machifu juu ya wazee wa koo. Kodi ya nyumba ikawalazimu wanaume kutafuta mishahara mbali na kwao, ikiwa ni pamoja na katika mashamba ya majani chai ya Kericho. Wamishenari Wakatoliki walijenga Nyabururu na Waadventista wakajenga Nyanchwa katika muongo wa pili wa karne hiyo, nayo hospitali ya Kisii ikaanzishwa mwaka 1916 wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliunda mabaraza ya wenyeji yaliyotoza ushuru na kugharimia shule na zahanati. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Baraza la Kaunti ya Gusii lilirithi kazi hizo. Kwa miaka michache, diwani aliyechaguliwa kijijini alikuwa na usemi juu ya zahanati ambako mpiga kura wake alitibiwa.

Hali hiyo haikudumu. Sheria ya mwaka 1969 iliyahamishia Nairobi majukumu matatu makuu ya mabaraza ya kaunti, yaani afya, elimu ya msingi na barabara, na kuyaacha mabaraza na masoko na leseni. Kwa miongo minne iliyofuata, mwakilishi wa Serikali aliyejulikana zaidi kijijini alikuwa chifu na naibu wake. Huyo ndiye aliyeandika barua ya kumtambulisha yatima, aliyeitisha harambee ya bili ya hospitali, na aliyesuluhisha ugomvi wa wana waliomtelekeza mama yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo mawili yalitokea takriban kwa wakati mmoja. Nyamira ilitengwa na Kisii ikawa wilaya kamili, na Desemba 1989 Serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma chini ya mpango wa kuchangia gharama. Kugawanywa kwa wilaya kulileta ofisi karibu na watu. Ada nazo zilimrudisha mgonjwa nyumbani. Kisha janga la Ukimwi likaongeza mzigo: katika miaka ya 1990, nyanya waliotarajia kuhudumiwa na wajukuu waligeuka kuwa wazazi wao upya.

Ndipo vikundi vya wanawake vilipochukua sura mpya. Jina la egesangio, pamoja na wingi wake ebisangio, lilihama kutoka jembeni hadi kwenye vyama vya kuchangishana fedha. Waliolimiana shamba wakaanza kununuliana vyombo, kulipiana karo na kuchangia matibabu. M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, mchango uliweza kutoka Nairobi au Mombasa kwa dakika moja. Mkakati wa Afya ya Jamii uliozinduliwa mwaka 2006 nao uliwatambua rasmi wajitoleaji waliotembea nyumba hadi nyumba, ingawa kwa miaka mingi walitembea bila malipo ya uhakika.

Ardhi finyu na wana walio mbali

Mabadiliko ya utawala hayakutenda peke yake. Ardhi iliyogawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi imekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Mashamba mengi hayafiki ekari mbili. Kijana anayerithi kipande kama hicho hawezi kukitegemea kumlisha, sembuse kumlisha pamoja na wazazi wake.

Baadhi ya familia zilipata nafasi katika mashamba ya makazi ya Borabu, yaliyogawanywa baada ya uhuru kutoka katika ardhi iliyokuwa ya walowezi. Huko shamba ni kubwa zaidi, lakini jirani anaweza kuwa wa ukoo mwingine kabisa, na wajibu wa kusaidiana ulilazimika kujengwa upya kwa njia ya kanisa, shule na ushirika. Wengine walihamia miji ya Bonde la Ufa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwarudisha wengi wao Gusii mikono mitupu, katika maboma ambayo tayari yalikuwa yamejaa.

Safari ndefu kuliko zote ni ile ya Marekani. Maelfu ya Abagusii wanaishi katika jimbo la Minnesota, hasa katika viunga vya Minneapolis, na wengi wao wameajiriwa katika uuguzi na katika nyumba za kutunzia wazee. Hapo pana kinaya kikubwa. Binti aliyezaliwa Manga au Ogembo anaweza kulipwa mshahara kwa kumwosha na kumlisha mzee wa Kimarekani, huku sehemu ya mshahara huo ikitumwa nyumbani kumlipa mfanyakazi anayemwosha na kumlisha mama yake mzazi. Fedha hizo zimejenga nyumba za mawe, zimelipa madaktari na zimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama akianguka usiku, anayesikia ni aliye karibu.

Ugatuzi wafika kijijini

Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Kisii ikawa kaunti yenye wadi 45 na Nyamira ikawa na wadi 20. James Ongwae alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kisii na John Nyagarama wa Nyamira. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka huo huo. Yale yaliyopelekwa Nairobi kwa sheria ya mwaka 1969 yalianza kurudi mashinani, ila si yote: shule za msingi zilibaki chini ya Serikali ya Kitaifa, na hali kadhalika ofisi za machifu.

Faida za ugatuzi zinaonekana. Zahanati zimeongezeka, na hospitali ya Kisii, ambayo sasa ni ya mafunzo na rufaa, huhudumia wagonjwa wa kaunti kadhaa jirani. Mwananchi anaweza kumfuata mwakilishi wa wadi sokoni na kumuuliza kwa nini dawa za shinikizo la damu zimekwisha.

Hasara nazo zimeonekana. Mvutano kati ya Serikali ya Kitaifa, kaunti na vyama vya wafanyakazi umezaa migomo mirefu kote nchini. Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi kwa takriban miezi mitano mwaka 2017, na madaktari tena kwa siku 56 mwaka 2024. Kila mgomo ulipoanza, wenye uwezo walikimbilia hospitali za misheni na za kibinafsi. Wasio na uwezo walirudishwa pale pale kazi ilipoanzia, nyumbani, kwa mama mkwe, kwa dada, kwa jirani.

Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari, uzani na joto la mwili, pamoja na simu. Marupurupu yao ya Sh5,000 kwa mwezi yalipangwa kugharimiwa nusu kwa nusu na Serikali ya Kitaifa na kaunti. Kwa mara ya kwanza, mtu anayebisha hodi kwa mzee kijijini Gusii ana kipimo mkononi na malipo, hata kama ni madogo. Ukomo wake pia ni wazi: mhudumu huyo anatarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Anaweza kugundua kwamba mzee ana kisukari. Hawezi kubaki amlishe.

Ofisi mbili, mzee mmoja

Hapa ndipo kiini cha tatizo la sasa kilipo. Fedha za Inua Jamii zinazolipwa wazee, Sh2,000 kwa mwezi, ni za Serikali ya Kitaifa. Mpango huo ulianza katika muongo wa kwanza wa karne hii kwa familia maskini, na mwaka 2018 ukapanuliwa kwa wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Usajili hupitia kwa machifu na maafisa wa ustawi wa jamii. Bima ya afya nayo ni ya kitaifa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kama SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Mhudumu wa afya anayemtembelea mzee yule yule yuko chini ya kaunti.

Chukua mfano wa ajuza anayeishi na wajukuu wawili. Ili apate fedha zake za uzeeni humwendea naibu wa chifu. Dawa huzipata katika zahanati ya kaunti, lakini akilazwa hospitalini hutegemea bima ya kitaifa. Mjukuu mdogo yuko katika chekechea ya kaunti na mkubwa katika shule ya Serikali ya Kitaifa. Akihitaji msaada wa karo ya sekondari, kuna mfuko wa wadi na kuna mfuko wa eneobunge, kila mmoja na fomu yake. Katika ofisi zote hizo yeye ni mtu mmoja aliyeandikwa katika madaftari mengi yasiyosomana.

Mipaka huongeza utata. Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, na serikali zake zimewahi kuzozania haki ya kutoza ushuru katika soko lake. Koo nazo hazikufuata mipaka hiyo. Kitutu Chache iko Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira. Mugirango Kusini iko Kisii ilhali Mugirango Magharibi na Kaskazini ziko Nyamira. Mwanamke aliyeolewa upande mmoja anaweza kuwa na mama mgonjwa upande wa pili, umbali wa kutembea kwa miguu. Kwake yeye ni familia moja. Kwa mhudumu wa afya mwenye orodha ya nyumba zake, mama huyo ni wa kaunti nyingine.

Uzee unapogeuka hatari

Gharama ya kuachwa kwa wazee si ya njaa na maradhi pekee. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto Kisii baada ya kusingiziwa uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo katika eneo la Marani. Viongozi wa eneo wamewahi kuyahusisha mashambulizi ya namna hii na tamaa ya ardhi, ugomvi wa familia na imani za kishirikina zinapochanganyika.

Sheria haijakosekana. Mauaji ni mauaji, na Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925 inamwadhibu pia anayemsingizia mwenzake uchawi. Kilichokosekana ni jirani wa kusimama mlangoni kabla umati haujafika. Ajuza anayetembelewa kila juma, anayejulikana kwa jina na maradhi yake, ambaye watoto wa jirani huingia na kutoka nyumbani kwake, ni vigumu zaidi kumgeuza kuwa mchawi kuliko yule aliyefungiwa na upweke. Kwa maana hiyo utunzaji ni ulinzi.

Mahali pa kukutania

Haihitajiki sheria mpya kuanza kuziba pengo hili. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziagiza serikali za ngazi mbili kushirikiana na kusaidiana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliweka ngazi ya kijiji, yenye msimamizi na baraza la wazee lisilozidi watu watano, ili wananchi washiriki katika utawala pale wanapoishi. Katika kaunti nyingi nchini ngazi hiyo imebaki katika karatasi, kwa hofu ya gharama na kwa kugongana na mzee wa kijiji anayefanya kazi na naibu wa chifu.

Ilhali hapo ndipo madaftari yangeweza kusomana. Naibu wa chifu anajua nani amefikisha miaka 70. Mhudumu wa afya anajua nani ana kidonda kisichopona. Mwalimu wa chekechea anajua ni mtoto gani huja akiwa na njaa. Viongozi wa egesangio wanajua nani ameacha kuhudhuria kwa sababu anauguza. Wanne hao wakiketi mara moja kwa mwezi na kutaja majina, kijiji kitakuwa kimepata chombo ambacho fedha pekee haziwezi kukinunua.

Kuna pia suala la anayetunza. Inua Jamii humlipa mzee, na marupurupu humfikia mhudumu anayepita. Mkaza mwana anayelala akisikiliza pumzi za mgonjwa hana daftari lolote linalomtaja. Kumpumzisha kwa siku mbili kwa mwezi, kumfunza jinsi ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo, kumtafutia mwanamume wa kumwosha baba mkwe ili chinsoni isivunjwe, ni mambo madogo yanayoweza kupangwa na kikundi cha kijiji kwa msaada kidogo wa kaunti.

Risaga ya zamani haitarudi, kwa sababu ardhi iliyoilisha imekatwa vipande na watu wake wametawanyika kutoka Keroka hadi Minneapolis. Lakini kanuni iliyoisimamisha ilikuwa rahisi: nyumba yenye mgonjwa isiachwe na shamba lake. Mabaraza, wilaya na kaunti zote zilizopita Gusii zilipimwa kwa barabara na majengo ziliyoacha. Kipimo cha Kifungu cha 57 ni kingine. Ni kama yule mwanamke wa alfajiri, baada ya mabadiliko yote haya, ana mtu wa kumpokea zamu.